Kila Mpira na Mafuta Yake

Mtu apitaye Kariakoo asubuhi, tangu Mnazi Mmoja hadi mwisho wa Mtaa wa Msimbazi, akiwa na fedha mfukoni na subira moyoni, aweza kununua karibu kila kitu ambacho mwanadamu amepata kukifanya kwa mkono au kwa mtambo. Lakini kipo kitu kimoja ambacho hatauziwa, kwa sababu hutolewa bure, tena kabla hakijaombwa, nacho ni nasaha. Simama kando ya njia na kitu kilichoharibika, kiwe saa, kiwe kiatu, kiwe pampu ya maji, na kabla hujapata kivuli cha kujisitiri utakuwa umezungukwa na mabingwa wa kitu hicho, ambao mmoja ni muuza miwa, mwingine ni kuli, na mwingine hana kazi ijulikanayo, na kila mmoja wao ana yakini. Silalamiki. Nimepata kukaa katika miji ambayo mtu huanguka njiani na wapitao wakatazama saa zao, na sikuipenda. Nasema tu kwamba katika mambo yote ambayo Kariakoo ina shauri nayo, hakuna jambo lenye washauri wengi na waulizaji wachache kuliko kupaka mafuta mipira ya gari.

Wenye magari wengi hudhani ya kuwa gari ni chuma, na dhana hiyo huimarishwa na uzito wake, kelele zake na bei yake. Lakini mtu akipata nafasi ya kulitazama likiwa limefunguliwa juu ya mawe pale Gerezani, ataona kwamba kila mahali chuma kinapokutana na chuma, na kuna kitu cha kuzuiwa kisipite, iwe mvua mlangoni, oili katika injini, maji katika rejeta au mafuta katika breki, pamelazwa kipande cha mpira, chembamba na cheusi, ambacho kazi yake yote ni kuziba. Huko gereji vipande hivi vina majina yake, gasketi, sili, o-ringi, raba za masta, lakini hakuna anayeyatamka majina hayo kwa staha. Fundi akifungua kitu hukichokoa kipande hiki kwa bisibisi na kukitupa nyuma ya bega bila ya kukitazama, naye huyo huyo atatumia nusu ya siku kuing'arisha boliti, ilhali boliti ikilegea utaisikia ikilia, na raba ikichoka hutaambiwa neno mpaka iwe imekwisha kukufedhehesha mbele za watu.

Waliolitengeneza gari langu hawana lawama katika haya, kwani waliandika kila kitu. Lilipotoka bandarini, baada ya kutumika miaka mingi huko Japani, lilikuwa na kitabu chake katika kisanduku cha mbele, kinene na safi, chenye michoro ya vishale vinavyoelekea kwenye kila kiungo, na maneno yake yote yalikuwa ya Kijapani. Kadhalika kila nigeuzapo ufunguo hutoka sauti ya mwanamke, laini na yenye adabu, ikatamka jambo kwa Kijapani, kama yafanyavyo magari mengi ya mtumba hapa Dar es Salaam, nasi wenye magari tumezoea kuitikia “haya” tukaondoka. Naambiwa husema habari za kadi ya kulipia barabara za kwao. Mimi kwa muda mrefu nilipenda kuamini kwamba ananiusia kuhusu raba.

Udhia ulianza milangoni. Mtaani kwetu hakuna kivuli isipokuwa kile cha nguzo ya umeme, nacho kina wenyewe, basi gari langu hulala juani tangu asubuhi hadi alasiri, na jua la Kariakoo, likisaidiwa na vumbi, liliikausha mipira ya milango hata ikawa inagandamana na rangi ya gari. Kila mlango ulipofunguliwa ulitoa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Na ilipoingia masika, mvua iliyokuwa ikizuiwa na mipira ile ikajipatia njia, nikawa narudi nyumbani kutoka upande wa Jangwani miguu yangu imo majini, ingawa nimeketi ndani ya gari na vioo vimefungwa.

Hapo ndipo alipojitokeza shemeji yangu. Huyu ni kaka wa mke wangu, mtu mkarimu, mwenye maneno matamu na mikono isiyojua kupumzika, ambaye hajapata kupita penye kitu kinacholia pasi na kukipaka kitu. Bawaba zote za nyumba yetu zimepita mikononi mwake, na cherehani, na baiskeli ya mtoto, na feni ya dari, ambayo tangu alipoishughulikia hutudondoshea matone wakati wa chakula. Aliusikia mlango wa gari ukilalamika, akainua kidole kuninyamazisha, akaingia ndani, akatoka na chupa ya mafuta ya nazi ya Mafia, mazuri, ya kupikia.

“Shemeji,” akaniambia, “mpira ni ngozi. Na ngozi hupakwa mafuta.”

Hoja ilikuwa fupi na ilipendeza masikioni, na siku ile mlango ulifunguka kwa ulaini uliomfanya aufunge na kuufungua mara nyingi zaidi ya haja. Lakini sisimizi wa mtaa wetu, ambao wana habari ya kila tone la nazi lililoko kati ya Mtaa wa Uhuru na Gerezani, walifika kabla ya siku ya pili kuchwa, wakapanga misafara kuzunguka milango yote minne, na nyuma yao akaja paka wa jirani kulamba palipobaki. Joto nalo likafanya kazi yake. Mafuta ya nazi yakikaa juani huvunda, na harufu yake ndani ya gari lililofungwa ni ya namna ya kumlazimisha mtu akumbuke miadi mahali pengine. Jamaa niliowapa hisani ya kuwapakia waliniuliza kwa upole kama nimeingia katika biashara ya mbata.

Shemeji hakufadhaika. Daktari hodari, alisema, hubadili dawa. Safari hii alikuja na kopo la mafuta ya mgando, yale wapakwayo watoto wakitoka kuoga, na akayapaka kwa ukarimu ule ule, kwa vidole viwili, akijaza kila mfuo. Sisimizi wakaondoka, nikashukuru. Baada ya muda, hata hivyo, mipira ikaanza kuvimba polepole, ikalainika, ikawa kila kiguswapo nayo kinaachiwa weusi, na mlango uliokuwa haufunguki ukawa sasa haufungiki.

Ijumaa moja tulialikwa akdi huko Ilala, na shemeji alikuwa mmoja wa mashahidi. Alivaa kanzu ya melimeli nyeupe, iliyopigwa pasi hata ikasimama yenyewe, akaingia garini kwa uangalifu mkubwa, na alipoona mlango hauji aliusukuma kwa bega, kisha kwa mgongo, kisha kwa vyote viwili. Tulipofika na akateremka, nilikuwa nyuma yake, nikaona kwamba mpira wa mlango umejichapa juu ya kanzu yake kutoka bega la kulia hadi kiuno cha kushoto, mfuo kwa mfuo, kwa ukamilifu ambao mtambo wa kuchapa magazeti ungeuonea wivu. Nilimwambia. Akaketi ameegemea ukuta tangu hotuba hadi halua, akiwasalimu watu kwa kichwa tu. Lakini shahidi hana budi kuinuka kutia sahihi, na meza ilikuwa upande wa pili wa chumba. Njiani kurudi alisema kwamba kosa ni la gari, maana lina uchafu wa asili.

Sina budi hapa kuutetea mpira, kwa sababu mpira si mgeni kwetu hata tuudhulumu kwa kutoujua. Kabla ya magari kuwako, watu wa pwani waligema utomvu wa mibungo ya msituni, wakaufanya mabonge, ukauzwa Kilwa na Lindi na Unguja, na mmoja wa mimea hiyo wataalamu wameuita Landolphia kirkii kwa kumkumbuka John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja katika karne ya 19. Wajerumani nao walipanda mashamba ya mpira upande wa Tanga na Usambara, mti ambao ni ndugu wa muhogo, mpaka bei ilipoanguka duniani mwaka 1913 kwa sababu ya wingi wa mpira wa Asia. Biashara ikafa, mti ukabaki, na majani yake ndiyo hayo tuyapikayo kwa nazi na karanga na kuyaita kisamvu cha mpira. Kwa hiyo mtu wa Kariakoo akila ugali kwa kisamvu hicho, akashushia kwa bilauri ya juisi ya mabungo, basi kwa hesabu ya ukoo wa mimea amekula gasketi na kunywa gasketi, na wala haikumdhuru.

Utomvu mbichi ulikuwa na tabia mbaya, kwani joto huulainisha ukanata, na baridi huukakamaza ukakatika, hata mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani aliyeishi na madeni na akafa na madeni, alipotambua ya kuwa ukipikwa pamoja na salfa hutulia. Hutulia, lakini adui mmoja huubakia, naye ni mafuta yachimbwayo ardhini. Kila kitu huvutwa na jinsi yake: mpira ni mnyororo mrefu wa kaboni na haidrojeni, na petroli, dizeli, grisi na mafuta ya mgando ni minyororo mifupi ya jamaa hiyo hiyo, basi mafuta hujipenyeza kati ya mpira kwa udugu, mpira ukavimba, ukalegea, ukasahau umbo lake. Kwa ajili hiyo wakemia wa Ujerumani katika miaka ya 1930 walibuni mpira mwingine, naitraili, usiojali oili. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukaingia sokoni mwingine tena, uitwao EPDM, ambao hustahimili jua, maji na mafuta ya breki, lakini ukipakwa mafuta ya petroli huvimba. Mlango wa gari huvishwa huu wa mwisho. Filta ya oili huvishwa ule wa naitraili. Yote ni myeusi, yote hupindika, na dukani yote huitwa raba.

Zingatia sasa insafu ya mafundi wetu, ambao huyajua magari kwa kuyagusa, wala si jambo dogo, lakini penye kutakiwa mafuta hunyima na pasipotakiwa humwaga. Fundi wangu wa wakati ule alikuwa kijana hodari, mwenye gereji chini ya mwarobaini, na alipobadilisha filta nilimkumbusha kuipaka ile raba yake oili safi kidogo, kwa kidole, kisha aikaze kwa mkono mpaka iguse, halafu aongeze kama robo tatu ya mzunguko, basi. Kwa maana raba kavu ikisuguliwa juu ya chuma hukunjamana, hujivuta, humhadaa mkazaji akadhani imekaza, na baadaye hugandamana na injini.

“Bosi,” akanijibu, akinitazama kwa huruma, “ikiwa na mafuta si itateleza ifunguke?”

Akaikaza kavu, kwa mkanda wa kufungulia filta, kwa nguvu zake zote na za msaidizi wake. Ilipofika zamu ya kumwaga oili tena, filta ilitoka kwa taabu kubwa, bila ya raba yake, ambayo ilibaki imeng'ang'ania mahali pake, nyeusi juu ya weusi, wala hakuna aliyeitazama. Na filta mpya ikafungwa juu yake, nayo ina raba yake, zikawa raba mbili zinagombea kiti kimoja. Ugomvi wa namna hii huvumilika injini ikiwa imezimwa au iko polepole. Nilipofika Mnazi Mmoja na kukanyaga mafuta, moja ikasukumwa nje, na oili yote ya injini ikatoka kwa shinikizo, ikatandaa barabarani, nzuri, ya rangi ya asali, kwani ilikuwa mpya. Taa nyekundu iliwaka na nikazima injini kwa wakati. Aliyepata hasara ni mwenye mkokoteni wa mananasi aliyekuwa akija nyuma yangu kwa mwendo wa kuheshimika, ambaye alilikanyaga ziwa lile, na mananasi yake yakaelekea kila upande wa mji. Mengine yalirudishwa na wasamaria, na mengine yalikimbizwa na wasamaria katika njia ambayo haikuelekea kwenye mkokoteni. Nililipia yote, pamoja na yaliyoliwa palepale mbele yangu na watu waliokuwa wakinishauri nibadilishe injini.

Lakini oili kumwagika ni jambo la hadharani na la haraka. Breki hufanya hila zake taratibu. Kijana yule yule, kwa kujutia mananasi, alijitolea kunibadilishia raba za masta silinda ya breki bila ya ijara, na kwa kuwa alitaka safari hii asilaumiwe kwa kunyima, aliziosha raba mpya katika kopo la petroli ili zitakate, akazifuta kwa tambara, akazipaka grisi ya beringi, nene, ya rangi ya kahawia, mpaka zikateleza mkononi mwake akacheka. Kwa muda breki zile zilikuwa kali kuliko nilizopata kuwa nazo maishani, nami nikamsifu kwa watu. Kisha pedeli ikaanza kupanda juu. Gari likawa zito asubuhi na zito zaidi adhuhuri, na katika magurudumu ya mbele ikawa inatoka harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

Siku ya siku, katika makutano ya Uhuru na Msimbazi, saa ambayo Kariakoo yote inanunua na waliobaki wanauza, nilisimama penye taa nyekundu, na ilipogeuka kijani nikaondoa mguu katika breki, breki zisiondoke. Nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari likainamisha pua kidogo, likakaa. Injini ikazimika. Nikageuza ufunguo, na mwanamke wa Kijapani akasema lake, kwa upole ule ule, katikati ya honi za daladala, bajaji, bodaboda na malori ya vitenge, na konda mmoja aliyening'inia mlangoni akanadi, “Mzee, toa mkweche wako huo, watu wana haraka!”

Wakaja wa kusukuma. Vijana hodari, wachukuzi wa mizigo, ambao hubeba marobota ya mitumba vichwani na kupita nayo mahali ambapo mimi sipiti mtupu, waliinama nyuma ya gari, wakahesabu, wakasukuma, na gari likawa ni punda wa Lamu aliyekwisha kuamua. Wakaja wa kushauri. Mmoja alisema ni breki ya mkono, akaivuta na kuiachia mpaka ikalegea. Mmoja alisema ni giaboksi. Mmoja alishauri tuyamwagie magurudumu maji baridi, na alikuwa amekwisha kushika ndoo ya mwenye kuosha matunda, na laiti asingezuiwa angevipasua vyuma vile kwa moto viliokuwa nao. Mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga alisema gari limechoka tu, liachwe lipumzike, na nikiangalia nyuma naona yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli. Akaja askari wa usalama barabarani, akanipigia saluti, akaniuliza kwa nini nimechagua kuegesha hapa.

Aliyeniokoa hakusema kitu. Alikuwa dereva wa bajaji, mtu mwembamba mwenye fulana iliyofifia, ambaye aliiacha bajaji yake ikiwa na abiria ndani, akalala chini ubavuni mwa gurudumu, akanyoosha mkono nyuma bila ya kutazama, akapewa spana namba 10 na mtu asiyemjua, akafungua kile kinati kidogo cha kutolea upepo. Mafuta ya breki yakaruka kwa mshindo yakapita juu ya viatu vya askari. Gurudumu likalia “tak,” likalegea. Akafanya vivyo upande wa pili. Na kwa kuwa wale vijana walikuwa bado wanasukuma, kwa moyo mmoja na kwa hasira ya kushindwa, gari lililokuwa halisogei hata inchi liliondoka nao kwa ghafula, wakalifuata wakikimbia huku wamelishika, mimi nikiwa ndani sina breki, mpaka likasimamishwa na rundo la magodoro ya sponji yaliyokuwa yakiuzwa kando ya njia. Sijapata kuona biashara iliyokaa mahali pazuri zaidi.

“Mzee,” akaniambia yule dereva, akijifuta mikono, “raba za masta zimevimba. Nenda kwa mzee wa raba, kichochoro cha nyuma.”

Ndani ya masta silinda mna kitundu kidogo, chembamba kuliko sindano ya kushonea viatu, ambacho kwacho mafuta ya breki hurudi katika kopo lake mguu unapoondolewa. Raba iliyovimba hukifunika kitundu kile, mafuta yakakosa njia ya kurudi, shinikizo likabaki, breki zikaendelea kushika, kushika kukaleta joto, na joto likayatanua mafuta yakazidi kushika. Hayo yote aliyajua mtu aliyeacha abiria wake wakipigwa na jua, na mimi nilikuwa nimemlipa mwingine kwa sifa.

Mzee wa raba nilimkuta katika duka ambalo upana wake ni mlango wake, amezungukwa na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa o-ringi, ambazo alikuwa akizipanga kwa kuzivisha kidoleni moja moja. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, nikampa raba zile. Aliweka moja iliyovimba juu ya mpya ya namba hiyo hiyo, na ya zamani ikaizidi pande zote, akaibonyeza kwa ukucha, ukucha ukaacha alama, akainusa.

“Petroli,” akasema. Akanusa tena. “Na grisi.” Kisha akaniuliza swali ambalo katika maduka yote ya spea niliyoingia, ambako huuliza tu kama mtu ana sampo, sikupata kuulizwa: “Mwanangu, hii itakaa inaogelea katika nini?”

Nyuma yake, juu ya rafu, kulikuwa na bilauri mbili zilizofunikwa kwa visahani. Katika moja mna oili ya injini, katika nyingine mafuta ya breki, na katika kila moja alikuwa ametumbukiza raba mbili zilizokuwa sawa siku ya kwanza. Ndani ya oili, ya filta ilikuwa kama alivyoiweka, na ya breki imenenepa ikapinda. Ndani ya mafuta ya breki mambo yalikuwa kinyume. Alizionyesha bila ya kueleza, akafunika. Nilikumbuka habari niliyoisoma ya Challenger, chombo cha anga cha Marekani kilichovunjika tarehe 28 Januari 1986 muda mfupi baada ya kuruka, wakafa watu saba, kwa sababu o-ringi zake zilikuwa zimekakamaa kwa baridi ya asubuhi ile. Na jinsi mwanafizikia Richard Feynman, mjumbe wa tume ya uchunguzi, alivyokibana kipande cha mpira huo kwa jiriwa ndogo, akakitia katika glasi ya maji ya barafu mbele ya wajumbe wenzake, akakitoa, na watu wote wakaona kwamba hakirudi upesi katika umbo lake. Yule alikuwa na kamera za televisheni mbele yake. Mzee wangu alikuwa na mimi, na mteja mmoja aliyekuwa akitaka mpira wa presha kuka.

Raba ya breki, aliniambia, huoshwa kwa mafuta ya breki na hupakwa hayo hayo, au grisi nyekundu ya raba, naye akanitolea kopo lake dogo kutoka chini ya meza. Ya mlango hufutwa vumbi kwanza, ikapakwa silikoni kwa kitambaa, kidogo hata usijue kama umepaka. Ya filta nilikwisha kuijua, na nilifurahi kwa kuwa alinikubalia. Nilipomwuliza ile grisi nyekundu imefanywa kwa nini, alisema asili yake ni mafuta ya nyonyo; na kweli, breki za mafuta zilipokuwa zikienea katika miaka ya 1920, zilijazwa mafuta hayo hayo ya mbarika yaliyochanganywa na spiriti, kwa sababu hayaudhuru mpira wa asili. Basi katika mafuta yote yaliyopita juu ya gari langu kwa ushauri wa Kariakoo, hakuna hata mtu mmoja aliyeyataja haya, ambayo huuzwa mitaa michache kutoka pale kwa wanawake wa kukuza nywele, na ambayo chupa yake iko nyumbani kwangu mbele ya kioo.

“Lakini usiende ukamwagia breki chupa ya mkeo,” akaonya mzee, akinisoma usoni. “Za leo hutaka DOT 3 au DOT 4, wala hazichanganywi na kitu.”

Raba zilifungwa upya na mtu niliyeelekezwa na mzee, breki zikapona, mipira ya milango nikaibadilisha. Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu aifungie ile chupa ya nyonyo kabatini, kwa ufunguo, na sikumwambia kaka yake sababu.

Iliyobaki ni kanzu. Shemeji aliipeleka kwa dobi wetu, na mimi nikamsindikiza, maana alidai kwamba gari ni langu na gharama ni zangu. Dobi aliitandaza mezani, akafuata ule mfuo mweusi kwa kidole kutoka bega hadi kiuno, akaukwangua kwa ukucha, akanusa, akatikisa kichwa kwa hadhari ya mtu anayejua kazi yake. Doa la mafuta, alisema, halitolewi ovyo. Kila mafuta na dawa yake, na ukikosea dawa doa hukaa milele.

“Basi niambie, bwana,” akamwuliza shemeji, “haya yalikuwa mafuta gani?”

Shemeji alimtazama kwa mshangao.

“Mafuta tu,” akasema.